Msuguano

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha pendulamu
kwa uzi wa kushonea na nati ya trekta
aliyoniachia Jumabek, fundi wa shamba la ushirika,
siku walipogawana vyuma kila mtu akashika njia yake.
Nati ina kutu. Inatosha.
Naining'iniza kwenye msumari juu ya ubao
na watoto huhesabu kwa sauti, kwa Kikirgizi,
mpaka uzi uchoke.

Mwezi wa kumi na moja, theluji magotini mwa farasi,
yalikuja makasha saba kutoka Naryn:
kompyuta, nyaya, na kijana mwenye viatu vya mjini.
Alikaa saa mbili, akanywa chai yangu,
akasema, "Ni rahisi tu, mama,"
akaondoka kabla barabara haijafunga.

Rahisi kwa nani?
Neno la siri lilitaka herufi kubwa, tarakimu, na alama ya ajabu.
Niliandika jina la ng'ombe wangu. Likakataliwa.
Jina la ng'ombe na mwaka aliozaliwa.
Mashine ikasema: dhaifu.
Dhaifu! Ng'ombe aliyempiga mbwa mwitu teke
akamvunja taya.

Usiku nilijifunza jikoni, jiko la makaa likikohoa,
miwani mbili puani, moja juu ya nyingine,
kidole kimoja kikisaka herufi
kama kuku anayesaka punje kwenye changarawe.
Mtandao ulikuja ulipopenda, mara nyingi saa tano,
binti wa jirani akishalala na simu yake.
Mimi niliyewafundisha wazazi wao mwanga na kani
nimekuwa mwanafunzi, na mwalimu wangu ni kiduara
kinachozunguka, kinazunguka,
hakisemi kosa liko wapi.

Jumanne moja ya Februari nikathubutu.
Darasa la tisa, watoto kumi na saba, pumzi zao zikionekana.
Kwenye shuka niliyoitundika ukutani
ikatokea pendulamu ya bluu, safi,
haijui kutu.
Ikaenda, ikarudi. Ikaenda, ikarudi.
Wakahesabu. Hamsini. Mia. Mia mbili na arobaini.
Sauti zikakauka; yenyewe bado.
Temirbolot akauliza, "Italala lini?"

Sikuwa na jibu.
Sijawahi kusimama mbele ya kitu kisichochoka.
Nilihisi, niseme kweli, wivu.

Ndipo Aizirek, ambaye hajatia neno tangu Septemba,
tangu baba yake aende Urusi kuwajengea wengine nyumba,
akainuka akaja mbele,
akaweka kidole pembeni mwa kioo
kwenye kijiti ambacho sikukiona
kati ya vijiti vingine vitano.
"Mwalimu," akasema, "msuguano umewekwa sifuri."

Akakisogeza kidogo, kama mtu anayetia chumvi.
Na ile ya bluu ikaanza kuzeeka mbele ya macho yetu.

Nikatoa nati mfukoni.
Nikaifunga kwenye msumari, kando ya shuka.
"Haya," nikamwambia, "nitafutie chumba hiki.
Hewa yake, uzi wake, msumari wake uliopinda.
Sogeza mpaka zisimame pamoja."

Mara kumi na moja walikosea.
Temirbolot alipanda juu ya dawati kushika saa.
Mmoja alifunga dirisha, maana upepo nao unahesabiwa.
Mara ya kumi na mbili zilikaribia kabisa:
nati ilitangulia kutulia, kwa pumzi moja tu,
na kengele ilipolia
hakuna aliyechukua koti.

Usiku huo mashine ikadai neno jipya la siri;
la zamani limekwisha muda wake, ilisema.
Nikaandika kwa vidole viwili, bila kutafuta sana.
Ikajibu: imara.
Siwaambii ni lipi.
Ila sifuri haimo.